Ila ya Chombo na Ila ya Mahali: Kutafuta Hitilafu katika Seva za Moduli

Masaki ni jina la mahali pawili. Pa kwanza pako katika rasi ya Msasani, Dar es Salaam, kando ya bahari, penye nyumba za mabalozi, hoteli na ofisi. Pa pili ni kata ya wilaya ya Kisarawe, mkoa wa Pwani, katika nchi ya Wazaramo, ambako watu hulima mihogo na mikorosho, na wilaya ya Kibaha ni jirani yao kwa upande wa kaskazini. Mtu akiambiwa, "Masaki hakuna mtandao," hana budi kuuliza kwanza: Masaki ipi? Na akiisha kujibiwa kwamba ni Masaki ya Kisarawe, bado hajui kilichoharibika. Huenda ni simu ya msemaji mwenyewe. Huenda ni mnara. Huenda ni waya uliokatwa na wachimba barabara. Huenda ni kompyuta iliyo mbali sana, ambayo hapana mtu wa kata ile aliyepata kuiona. Lalamiko ni moja, asili zake ni nyingi.

Makala haya yanaeleza jinsi mafundi wanavyotafuta ila katika kompyuta za aina hiyo ya mwisho, yaani seva zilizoundwa kwa moduli. Yanaonyesha pia kwamba kanuni kuu ya kazi hiyo, ambayo ni kupambanua ila ya chombo na ila ya mahali, imo tayari katika sarufi ya Kiswahili, na kwamba taarifa za mafundi zikiandikwa kwa kuifuata sarufi hiyo zingeepusha makosa mengi yenye gharama.

Mtambo na sehemu zake

Kompyuta ya kwanza iliingia Tanzania mwaka 1965, ikatumiwa katika kazi za hesabu za Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini pasipo idhini, na ilipita miaka mingi kabla marufuku hiyo haijalegezwa. Kwa hiyo maneno ya ufundi huu ni mageni katika lugha, na mengine yalishindana kabla hayajatulia. Waliopendekeza "tarakilishi" na "ngamizi" walikuwa na hoja zao, na neno "tarakilishi" lingali likitumika sana katika vitabu vya Kenya. Lakini katika vinywa vya watu wengi limeshinda neno "kompyuta". Hali kadhalika "seva" imekubalika kwa maana ya kompyuta ambayo kazi yake si kutumiwa na mtu aliyeketi mbele yake, bali kuzihudumia kompyuta na simu nyingine zinazoiita kutoka mbali.

Zamani kila seva ilikuwa na boma lake, umeme wake na feni zake. Mnamo mwaka 2001 kampuni ya RLX Technologies ya Marekani ilianza kuuza seva za namna nyingine, nyembamba mfano wa ubao, ambazo huchomekwa nyingi pamoja katika kasha moja. Kampuni nyingine kubwa zilifuata mtindo huo. Mafundi huiita kila seva nyembamba ya namna hii "bledi". Kasha la aina ya c7000, ambalo HP ililitoa mwaka 2006, lina kimo cha sentimita 44 na nusu hivi, nalo hupokea bledi 16 za kimo kifupi. Mbele yake mna pawasaplai 6 za kugawa umeme, na nyuma yake mna feni 10 za kupoza, nafasi 8 za swichi na vifaa vya mawasiliano, na moduli 2 za usimamizi, moja ikifanya kazi na ya pili ikingoja zamu. Katikati ya kasha umesimama ubao ambao bledi huchomekwa kwa mbele na swichi kwa nyuma. Huo ni ubao wa kati, na karibu kila kinachopita baina ya sehemu hizo hupita hapo.

Mfano ulio karibu na mtambo huu ni nyumba ya Kiswahili ya kupangisha. Kila mpangaji ana chumba chake, ufunguo wake na vyombo vyake. Lakini ukumbi ni wa wote, uani ni kwa wote, na mita ya umeme ni moja. Taa ya chumba kimoja ikizimika, mtu hutazama balbu ya chumba hicho. Taa za vyumba vyote zikizimika pamoja, hapana mwenye akili atakayeanza kubadilisha balbu, ataiendea mita. Na mita ikiwa nzima, atachungulia barabarani aone kama nyumba za jirani nazo zina giza. Fundi wa seva hufanya vivyo hivyo, ila vyumba vyake ni 16 na giza lake lina namna nyingi.

Yafaa kutazama pia maneno ya kazi yenyewe. Fundi huchomeka na kuchomoa, hupachika na kupachua, hufunga na kufungua, huziba na kuzibua. Jozi hizi ni za kitenzi na kauli yake ya kutendua, na ndiyo siri ya mtambo wa moduli: kila kilichotendwa kwa mkono chaweza kutenduliwa kwa mkono, aghalabu mtambo ukiwa unaendelea na kazi. Faida yake ni kubwa. Hatari yake ni kwamba fundi mwenye haraka hutendua mambo mengi kabla hajajua lipi lilihitaji kutenduliwa.

Lalamiko

Na ichukuliwe kwamba siku moja asubuhi, katika zahanati ya kijiji, mama amempeleka mtoto mwenye homa. Mhudumu anaitazama kadi ya bima, anabofya kompyuta yake, kisha anasema maneno ambayo kila mtu ameyazoea: "Sistimu inasumbua." Wakati huohuo mwenye duka wa jirani, ambaye ni wakala wa fedha za simu, anawaambia wateja wake kwamba mtandao umekatika. Mwalimu naye, aliyekuwa akiwasilisha majina ya wanafunzi, anasema mtandao uko chini.

Maneno haya si ya ujinga. Ni maelezo ya kweli ya kile kinachoonekana kutoka upande wa msemaji. Lakini hayamfai fundi mpaka yapasuliwe. Je, huduma zote tatu zimesimama, au moja tu? Zimesimama kabisa, au hurudi na kupotea? Zilisimama saa ngapi? Kulikuwa na jambo gani kabla yake: umeme ulikatika, radi ilipiga, au kuna mtu aliyebadilisha kitu? Fundi asiyeuliza maswali haya hufanana na mganga anayetoa dawa kwa kusikia neno "naumwa".

Majibu ya maswali hayo humwongoza kwenye mojawapo ya sehemu nne, na Kiswahili kina kiambishi kwa kila moja. Ikiwa ila iko mbali, nje ya mtambo, hiyo ni ila ya *ku-*: huko kumeharibika. Ikiwa ila imeenea ndani ya kasha lote, hiyo ni ila ya *mu-*: humo mmeharibika. Ikiwa imekaa mahali pamoja panapojulikana, ni ila ya *pa-*: hapa pameharibika. Na ikiwa imekaa katika kitu chenyewe, kiwe kimewekwa popote, ni ila ya *ki-*: hiki kimeharibika. Si Kiswahili peke yake chenye mpango huu. Kizaramo, lugha ya wenyeji wa Kisarawe, kama lugha nyingine nyingi za Kibantu, nacho hutenga mahali maalumu, mahali pasipo mpaka na mahali pa ndani. Mkulima wa Masaki huutumia upambanuzi huu kila siku pasipo kufundishwa. Fundi wa jijini yampasa aukumbuke.

Ila ya huko

Utafutaji huanza mbali na kuja karibu, kwa sababu ila ya mbali huwaathiri wengi na kuipima hakuhitaji kufungua chochote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu katika sehemu iliyo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zile zilizoumia zaidi. Fundi ambaye siku ile angechomoa bledi zake moja moja na kuzipangusa angepoteza siku nzima, kwani kasha lake lilikuwa zima. Alama ya ila ya namna hii ni kwamba mashine zilizo chumba kimoja husemezana vizuri, ila hazisikiki nje, au hazisikii kutoka nje.

Umeme nao ni wa huko. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Kasha lililofungwa vizuri hupokea umeme kwa njia mbili zilizo mbali mbali, pawasaplai 3 katika kila njia, ili njia moja ikifa ya pili ibebe mzigo wote. Basi taa za pawasaplai 3 za upande mmoja zikizimika pamoja, si jambo la kuaminika kwamba vifaa vitatu vimekufa kwa dakika moja. Yaelekea zaidi kwamba njia yao ndiyo iliyokufa: kikatizi kimeruka, au betri za akiba zimekwisha, au waya umelegea. Kanuni yake ni fupi: vitu vingi vikianguka pamoja, kitafutwe wanachoshirikiana.

Ila ya humo

Nje kukiwa kuzima, fundi huliendea kasha lenyewe kwa jumla. Jambo la kwanza si kushika, bali kusikiliza. Feni moja ikifa, feni zilizobaki huongeza mbio ili kuifidia, na mvumo wa kasha hupanda. Fundi aliyezoea chumba chake huusikia mvumo huo tangu mlangoni. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya joto ni kelele.

Kiwango cha hewa inayoingia katika mitambo hii kinachopendekezwa na chama cha wahandisi wa upoozaji cha Marekani, ASHRAE, ni kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Pwani ya Afrika Mashariki hewa ya nje huzidi kiwango hicho siku nyingi za mwaka, kwa hiyo kiyoyozi cha chumba si anasa, ni sehemu ya mtambo. Joto likipita mpaka, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue. Watu hulalamika kwamba sistimu ni nzito, na hapana kifaa chochote kilichovunjika. Mara nyingine sababu ni ndogo ajabu: bledi iliondolewa na nafasi yake ikaachwa wazi pasipo kifuniko. Hewa hupenda njia nyepesi. Hupita katika tundu lile na kuziacha bledi za jirani zikitokota, na ila huonekana kwa jirani asiye na kosa.

Kisha husomwa daftari la matukio, ambalo moduli ya usimamizi huliandika yenyewe saa kwa saa. Daftari hili ni shahidi mwema kwa sharti moja, kwamba saa za sehemu zote ziwe sawa. Saa ya swichi ikiwa nyuma dakika saba na saa ya bledi ikiwa mbele dakika tano, kilichotangulia huonekana kimefuata, na matokeo huonekana kuwa ndiyo sababu. Kwa hiyo kusawazisha saa ni kazi ya siku za amani, si ya siku ya msiba.

Humo ndimo hukutwa pia ila isiyokuwa ila. Bledi imechomekwa, haiwaki. Fundi mchanga husema imekufa. Lakini moduli ya usimamizi huhesabu umeme uliopo kabla ya kuiruhusu bledi mpya iwake, na hesabu isipotosha huinyima ruhusa. Hunyima pia ikiwa kadi ya mawasiliano iliyo ndani ya bledi si ya jinsi moja na swichi iliyo nyuma yake. Katika hali zote mbili bledi ni nzima, nafasi ni nzima, na sababu imeandikwa waziwazi katika daftari kwa yeyote atakayelifungua. Kutowaka si kufa.

Ila ya hapo na ila ya hiki

Sasa imebaki ila moja katika nafasi moja. Bledi iliyo katika nafasi ya tatu haifanyi kazi, na zote nyingine zinafanya. Hapa ndipo penye moyo wa ufundi huu, na hapa ndipo lugha inapoweza kuokoa au kupoteza.

Njia ni kuhamisha. Bledi ya nafasi ya tatu hupachikwa katika nafasi ya tano, na ile ya tano, ambayo inajulikana kuwa ni nzima, huletwa katika ya tatu. Jambo hilo moja tu ndilo linalobadilishwa, na mengine yote huachwa kama yalivyo. Kisha fundi hungoja. Ila ikihama pamoja na bledi ikatokea katika nafasi ya tano, basi chombo ndicho kibovu. Ila ikibaki katika nafasi ya tatu na kumpata mgeni aliyekuwa mzima, basi mahali ndipo pabovu: huenda pini za ubao wa kati zimepinda, au mlango wa swichi unaoihudumia nafasi hiyo umeharibika. Ila ikitoweka kabisa, fundi asifurahi upesi. Yawezekana kwamba mguso ulikuwa mchafu na kule kuchomoa na kuchomeka kukausafisha. Nayo yawezekana kwamba ni ila ya kuja na kuondoka, ambayo itarudi usiku.

Kuna jibu la nne, ambalo wengi hulisahau. Bledi hii hufanya kazi kwingine, bledi nyingine hufanya kazi hapa, lakini hii hapa haifanyi. Chombo hakina ila na mahali hapana ila. Ila ni kwamba havipatani. Mara nyingi mipangilio iliyowekewa nafasi ile haiafikiani na programu ya ndani ya bledi, ambayo ni ya toleo la zamani. Kwa jambo hili Kiswahili kina kauli ya kutendana, nayo yafaa itumike: si "imeharibika", ni "havipatani". Kununua kifaa kipya kwa ila ya kutopatana ni kutupa fedha.

Kanuni hiyohiyo ya kuhamisha hutumika kwa sehemu ndogo zilizo ndani ya bledi. Vipande vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita ramu, hubadilishana soketi, na fundi hutazama kama kosa limefuata kipande au limebaki katika soketi. Kumbukumbu za seva zina hekima ya ziada, iliyo katika ukoo wa kazi ya Richard Hamming aliyoichapisha mwaka 1950: tarakimu za ulinzi huandikwa pamoja na tarakimu za habari, hata kosa la tarakimu moja hurekebishwa papo hapo, na kosa la tarakimu mbili hugunduliwa ingawa halirekebishiki. Kwa hiyo kipande kinachoanza kuchakaa hakiangushi seva siku ya kwanza. Huandika katika daftari makosa yaliyorekebishwa, leo moja, kesho kumi. Asiyeziba ufa huo atajenga ukuta.

Sasa yatazamwe maneno. Nomino "bledi" imeingia katika ngeli ya *i-/zi-*, kama yalivyo maneno mengi ya kukopa. Nomino "nafasi" nayo imo katika ngeli hiyohiyo. Basi fundi wa zamu ya usiku akiandika, "Ya tatu imeharibika," hapana ajuaye kama ni bledi au ni nafasi. Ubaya huongezeka baada ya kuhamisha, kwani bledi iliyokuwa ya tatu sasa ni ya tano, na wa asubuhi akiisoma taarifa ile ataichomoa bledi isiyo na hatia, ambayo imeketi katika nafasi ya tatu ikifanya kazi. Ikiwa bledi hiyo ndiyo iliyobeba huduma ya zahanati, mhudumu wa kijijini atarudia kusema kwamba sistimu inasumbua, na mara hii sababu si mashine, ni upatanisho wa kisarufi.

Dawa yake ni nyepesi. Nafasi itajwe kwa upatanisho wa mahali: "Pa tatu pameharibika." Bledi itajwe kwa kifaa na kwa namba yake yenyewe iliyochapwa kiwandani, ambayo haibadiliki ikihamishwa: "Kifaa chenye namba hii kimeharibika." Kwa silabi moja, *pa* au *ki*, msomaji amekwisha kujua kama atanunua bledi au atafungua ubao wa kati, na kazi hizo mbili ni mbali mbali mno kwa fedha na kwa muda, kwani ubao wa kati haubadilishwi mpaka kasha lote lizimwe.

Hadhari

Kuhamisha ni dawa, lakini dawa huweza kuwa sumu. Bledi ambayo soketi yake ya nyuma imevunjika huweza kuzipinda pini za kila nafasi inayochomekwa. Fundi asiyetazama huihamisha kutoka ya tatu kwenda ya tano, kutoka ya tano kwenda ya saba, akifikiri kwamba anatafuta ugonjwa, kumbe anaueneza. Kabla ya kuhamisha chochote, mwanga wa tochi upite katika soketi ya bledi na ndani ya nafasi tupu.

Diski nazo zina hatari yao. Mara nyingi diski mbili huandikwa sawasawa, ili moja ikifa ya pili ihifadhi habari zote. Ile iliyokufa ikingoja kubadilishwa, nzima imebaki peke yake. Akichomoa ile nzima kwa kukosea, fundi amefanya kwa mkono wake jambo ambalo mtambo uliundwa ulizuie. Ndiyo maana mitambo hii ina taa ya utambulisho inayowashwa kutoka katika kompyuta ya usimamizi. Taa iwashwe kwanza, ionekane kwa macho, kisha mkono ufuate.

La tatu ni umeme tuli wa mwili. Mtu huanza kuuhisi unapofikia volti 3,000 hivi, lakini vipande vya elektroniki huweza kuumia kwa volti chache zaidi sana, pasipo cheche wala sauti. Hewa ya pwani yenye unyevu huupunguza, ila chumba cha mitambo hukaushwa na kiyoyozi, na fundi aliyeingia kutoka nje asidhani kwamba amekuja na unyevu wake. Ukanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi ni bei ndogo kuliko bledi.

Taarifa ya fundi

Kazi haijaisha mpaka imeandikwa, na hapa kuna mambo mawili zaidi ambayo lugha humpa fundi bure. La kwanza ni wakati wa kitenzi. "Imezima" ni tukio moja lililokwisha. "Inazima" ni jambo linaloonekana sasa. "Huzima" ni mazoea. Ila ngumu kuliko zote ni ile ya *hu-*, ambayo hujificha fundi anapokuja na kutokea anapokwenda. Anayeandika "imezima" kwa jambo ambalo huzima amemnyima mwenzake habari iliyo kubwa kuliko zote, yaani kwamba ilikwisha kuwaka tena yenyewe. Na pamoja na "huzima" hapana budi kuandikwa lini: huzima alasiri kunapokuwa na joto, huzima jenereta inapopokea mzigo, huzima kazi zinapokuwa nyingi usiku. Kila moja ya sentensi hizi ina nusu ya jibu ndani yake.

La pili ni kauli ya kitenzi. "Imeharibika" husema hali na kumficha mtenda. Hilo si kosa mwanzoni, kwa kuwa mwanzoni mtenda hajulikani, na mtu mwaminifu hasemi asilolijua. Lakini taarifa ya mwisho ikibaki katika "imeharibika", kazi imeachwa njiani. Utafutaji wote ni safari ya kutoka "imeharibika" kwenda "imeharibiwa na": imeharibiwa na joto kwa sababu ya nafasi iliyoachwa wazi, imeharibiwa na pini iliyopinda, imeharibiwa na umeme uliorudi kwa kishindo. Pasipo neno "na", kifaa kipya kitawekwa katika hali zilezile zilizokiua cha kwanza.

Kwa taarifa iliyo kamili, basi, yatosha mambo haya: lalamiko kwa maneno ya mlalamikaji mwenyewe, saa lilipoanza, kilichoonekana kabla ya kushika chochote, kilichohamishwa, kutoka wapi kwenda wapi, ila ilifuata au ilibaki, na mwisho, iliharibiwa na nini. Taarifa ya namna hii hujaa ukurasa mmoja, na mtu ambaye hakuwapo huweza kuendelea nayo bila kuanza upya.

Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, na Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, juhudi nyingi za wataalamu zimekwenda katika kutafuta majina: kifaa hiki kiitweje, kile kiitweje. Kazi hiyo ni ya lazima, wala haijaisha. Lakini mfano wa seva za moduli waonyesha kwamba ufundi hauishi kwa majina peke yake. Bledi itabaki bledi, au kesho itapewa jina jingine. Kwa vyovyote fundi atahitaji kusema kama kimeharibika, pameharibika, mmeharibika au kumeharibika, kama huzima au imezima, kama imeharibika au havipatani. Vyombo hivi vya sarufi havikukopwa popote, na watunga istilahi wakivitia katika vitabu vya mafunzo ya ufundi watakuwa wamewapa wanafunzi kipimo kisichohitaji betri.

Na yule mama aliyengoja katika zahanati hatajua kamwe kama siku ile ilikuwa ni pini, ni feni, au ni waya chini ya bahari. Atakalojua ni kama alingoja saa moja au siku nzima. Tofauti ya ngojeo hizo mbili, mara nyingi, imo katika swali la kwanza ambalo fundi aliuliza, nalo ni lile lile la jina la Masaki: wapi?